Spika Dirishani kwa Rehema

Mtu aliyefunga maturubai kutoka Mapinga mpaka Makurunge kwa miaka ishirini na ushee hashangazwi na kitu, na mtu huyo ni mimi, Kondo, Kondo wa Maturubai kama mnavyoniita, niliyeanza kwa kubeba viti vya watu kichwani na elimu yangu ya darasa la nne (la tano nililichungulia dirishani tu), na leo nina maturubai yangu, nina viti vyeupe vya plastiki vyenye jina langu mgongoni, nina masufuria ya pilau ambayo mtu mzima anaweza kulala ndani akajifunika, na nina muziki, yaani spika na mashine na maiki, unaosikika ng'ambo ya pili ya barabara ya Dar. Nimeona harusi ambayo bibi harusi alitoroka na mpiga picha. Nimeona msiba ambao wajane wawili walijuana pale pale wakagombea mkeka wa mbele, na mimi ndiye niliyeleta mkeka wa pili. Sasa mtu kama huyo utamshangaza na nini? Basi sikilizeni, binti yangu mwenyewe alinishangaza, mbele ya kina mama wa kijiji kizima, na aibu ya siku ile haijanitoka, maana mpaka leo nikienda dukani kununua sukari lazima apatikane mtu wa kuniuliza, "Mzee Kondo, umezima?"

Yalianza hivi. Rehema, mwanangu wa kwanza, alikuja kujifungulia nyumbani kama ilivyo desturi yetu kwa mimba ya kwanza, mumewe akabaki na kazi yake ya kuendesha lori la mchanga (kijana mzuri, hana neno, ila akiwa njiani simu hapokei). Mtoto akazaliwa salama, dume, kichwa changu kabisa, nami nikatangaza barabara nzima kwamba siku ya arobaini nafunga maturubai matatu na nachinja. Arobaini mnaijua, mzazi hatoki, anakaa chumbani, anakandwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, na sisi wanaume tunapiga hodi ya mbali, mtoto analetwa mlangoni, tunambusu tunaondoka. Na kwetu mtoto mchanga huwekewa kisu chini ya mto, cha kumkinga na wabaya. Mama yangu alinilaza mimi na kisu, nami wanangu wote wamelala na kisu, na wote wazima.

Huyu Rehema akaanza mambo. Usingizi hana, hata mtoto akilala yeye anamkodolea macho aone kama anapumua. Analia hajapigwa wala hajatukanwa. Akimnyonyesha anageuza uso ukutani, akimaliza tu, "Mchukueni." Mama yake akimwambia mshike mwanao, anajibu, "Naogopa mikono yangu," na sisi tukadhani mikono imelegea kwa uchovu, tukamwongezea uji. Kisha ikaja habari ya kisu. Asubuhi tunakikuta nje, chini ya dirisha, kimelala mchangani. Mama yake anakirudisha, kesho yake kiko nje tena. Mimi nikasema hapa wabaya wapo kweli, wanakitoa kisu wapate njia, nikaenda stoo nikachagua kile kikubwa cha kuchinjia, nikakinoa mwenyewe kwa mikono yangu, nikampa mke wangu akakiweke.

Nje sikumwambia mtu. Nilifikiria wakwe, nikafikiria watu niliokwisha kuwaalika, nikasikia kabisa masikioni mwangu wanasema binti wa Kondo kachanganyikiwa, nikamwambia mke wangu, mgeni akija mwambie mzazi kalala. Na mtoto akilia mama yake hamtaki, nani ambebe? Mke wangu ana jiko na ana maji ya kukanda. Nikawa nambeba mimi, mgongoni, kwa kanga, nazunguka naye uani mlango wa nje nimeutia komeo (hilo nalo lilikuwa siri, tena siri kubwa kuliko ya kwanza).

Sasa nyumba yangu imepakana na zahanati. Siku moja akaja nesi wa pale, Sista Lightness, msichana wa kutoka bara, mwembamba, sauti ya chini, mtu wa kukusikiliza mpaka unajikuta umesema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kiti hicho."

Akanieleza kwamba manesi wana siku ya kuwafundisha wajawazito na wazazi habari za huzuni na hofu zinazowapata watu baada ya kujifungua, kina mama watakuwa wengi, banda la kliniki halitoshi, na fedha waliyonayo ni ndogo, je, naweza kuwakodishia turubai na viti kwa bei ya ujirani? Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo, akauliza, "Rehema naye anaendeleaje?"

"Mzima kabisa. Anakula kama mashine ya kukoboa."

"Analala?"

"Mpaka tunamwamsha."

"Nipite jioni nimsalimie?"

"Jioni ndiyo anakuwa amelala."

Akanitazama vile unavyotazama noti ya elfu kumi kwenye mwanga. 

Alipokwisha kwenda nikakaa nikafikiri, na mimi nikifikiri hufikiri kikubwa. Huzuni, hofu, baada ya kujifungua, mbona ni yale yale ya chumbani kwa Rehema? Lazima asikie somo lile. Lakini kutoka hawezi, yuko arobaini, na akitoka watu watamwona alivyokonda. Nesi akiingia ndani, watu watauliza kafuata nini. Ndipo nikapata wazo ambalo siku ile lilinifanya nijione nina akili kuliko wilaya nzima: nitatoa turubai bure, viti bure, muziki bure, na katika muziki huo nitavuta waya mmoja, nitaupitisha juu ya ukuta, juu ya paa, mpaka upande wa pili wa nyumba kwenye dirisha la Rehema linalotazama shamba la mihogo, nitamtundikia spika ndogo, asikie kila neno na asionekane na mtu. Kila kilichofuata kilitokana na waya huo.

Siku yenyewe umeme ukakatika tangu asubuhi (kama uliambiwa), nikawasha jenereta langu uani kwangu, katikati ya nyumba na zahanati, linanguruma kama lori lililokwama. Kina mama wakajaa. Mbele kabisa akakaa Mwenyekiti wa kijiji, mgeni rasmi, na kaunda suti yake. Maiki zangu ni mbili, za kisasa, hazina waya, zinashika mpaka nyuma ya nyumba. Moja nikampa Sista Lightness. Ya pili nikaijaribu, halo, halo, moja mbili, nikaitia mfuko wa kanzu, wa kifuani, kwa sababu nilikuwa nimeomba nipewe neno la shukrani mwishoni na sikutaka wakati wangu ukifika nianze kutafuta maiki. Kitufe cha kuzimia nilikisukuma kwa kidole gumba pasipo kutazama. Mtu mzoefu hatazami.

Nikasimama pembeni kidogo kumsikiliza. Anasema vizuri yule binti, sikatai. Anasema machozi ya siku za mwanzo yapo na huwa yanapita yenyewe, lakini yakipita wiki mbili hayajakoma, au usingizi ukikataa hata mtoto akiwa amelala, au hofu ikikukamata mpaka unamkwepa mwanao, huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Si uvivu, si deko, si mapepo. "Na wapo," akasema, "wanaojiwa na mawazo ya kutisha, kwamba nitamwangusha, nitamuumiza. Mama anayeogopa mawazo hayo si mama mbaya. Anaumwa, na dawa ipo. Asifichwe. Aje, au aseme tumfuate."

Nikatikisa kichwa kama mtu anayemkubali fundi mwenzake, nikaondoka kwenda kuangalia kama sauti inafika dirishani.

Uani nikamkuta mke wangu anaosha vikombe kando ya jenereta. Kwa kelele zake hamuwezi kusemeshana, lazima mpige kelele.

"Wamekuja?" akauliza.

"Wamejaa. Mwenyekiti kakaa mbele kajishika kiuno, utadhani yeye ndiye kajifungua."

"Punguza sauti, Baba Rehema."

"Nani atanisikia na jenereta hili? Mtu ana nyumba tatu za kupangisha Mapinga, harusi ya mwanawe kanipa laki sita ya kutanguliza, sasa kila siku ananiita tuzungumze nimpunguzie. Kwenye msiba wa shemeji yake alinikata hela ya kiti kilichovunjika, na aliyekivunja ni yeye."

"Basi, basi."

"Na Bi Chausiku kaja na kiti kutoka kwake, kakaa mbele kwa maringo. Kiti changu kile. Kina jina langu. Tangu harusi ya bintiye yuko nacho."

Mke wangu akacheka, nami nikaongeza mawili matatu ambayo sitayasema hapa, nikazunguka nyumba nikafika upande wa mihogo.

Rehema alikuwa amesimama dirishani, amejifunika kanga, mtoto amelala nyuma yake ndani ya chandarua. Na usoni, Mungu shahidi wangu, alikuwa na tabasamu. Sikuwa nimeliona tangu alipojifungua. Nikasema moyoni, Kondo, wewe ni mwanamume, somo limeingia. Nikasogea kwa mwendo wa ushindi, na nilipofika karibu tu na ile spika ndogo, ikapiga ule mlio mwembamba wa kutoboa masikio, wiiiii, mpaka mtoto akashtuka.

"Unaona?" nikamwambia Rehema. "Hawa manesi wanashika maiki kama wameshika mwiko. Mimi tangu nianze kazi hii spika yangu haijawahi kulia hivi." Nikachomoa waya wa spika. Mlio ukakatika, nami nikazidi kuamini kwamba kosa ni la nesi. (Mtoto wa jana anayebeba spika za harusi anajua kwamba spika hulia ikikaribiwa na maiki iliyo wazi. Mimi ndiye huwafundisha. Hapo ndipo aibu ya kazi inaponiuma kuliko zote.)

 Likabaki jenereta tu, linameza hata spika kubwa za zahanati.

"Baba," akasema Rehema, "sogea."

Nikasogea. Akaja mpaka paji la uso likagusa nondo, akaukabili mfuko wangu wa kifuani, akasema kwa sauti ya kutulia, neno moja moja, kama mtu anayepiga simu mahali penye mtandao mbovu.

"Anayoyasema yule nesi ndiyo yangu. Kisu hakitolewi na wabaya. Nakitupa mimi. Nikikiona, inanijia kichwani picha namuumiza mtoto. Siitaki. Inakuja yenyewe. Simchukii mwanangu, baba, nampenda mpaka tumbo linauma, ndiyo maana simshiki. Nakitupa kisu, na nyinyi mnaniletea kikubwa zaidi."

Nimewaambia kazi yangu ni kuona mambo. Siku ile nilizishika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye niliyekinoa," nikasema.

"Najua. Nilikusikia unanoa."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Nimwambie nani? Kila anayekuja anaambiwa nimelala."

Hapo nilitaka kusema neno la kibaba, zito, la kumtia moyo, nami maneno huwa hayanipigi chenga, lakini yaliyotoka yalikuwa mengine kabisa. Nilimwambia naogopa. Nilimwambia kwamba mwanawe namfunga mgongoni kwa kanga ya mama yake, nazunguka naye uani nimefunga mlango nisionekane, na kwa kuwa nyimbo za watoto sizijui namwimbia matangazo ya harusi, wageni waalikwa kaeni mkao wa kula, mpaka analala. Nilimwambia hata akiwa halii nasikia analia. Na hili nikalisema huku kamasi linanishuka, Kondo wa Maturubai mzima, kwamba nimelinda jina langu yeye nikamwacha peke yake.

"Potelea mbali hilo jina," nikasema. "Watu wakiondoka tu namwita Sista Lightness, aingie na mlango wa mbele."

"Huna haja ya kumwita," akasema Rehema. "Huyo anakuja."

Nikageuka. Sista Lightness alikuwa anazunguka kona ya nyumba, karibu na mbio, mke wangu nyuma yake na povu la sabuni mikononi.

"Shikamoo tena, mzee," akasema. "Maiki uliyonayo mfukoni iko wazi."

Nikaitoa. Taa ya kijani inaniangalia, nikaizima.

Sikuelewa kwa mara moja, nikauliza swali la kijinga, tangu lini? Mke wangu akanijibu kwa kujifunika uso kwa kanga. Tangu uani. Kumbe nilipokuwa nashindana kelele na jenereta, zahanati yote ilikuwa inanisikiliza, kina mama wanapiga makofi, Mwenyekiti anatafuta pa kuweka macho, nesi anasema kwenye maiki yake, "Mzee Kondo, zima, mzee Kondo, zima," na upande wetu anayemsikia ni Rehema peke yake, kwenye spika niliyomtundikia mimi.

"Wewe ulijua?" nikamwuliza binti yangu.

"Nilikusikia hapa hapa dirishani unavyomsema Mwenyekiti," akasema, na lile tabasamu likarudi kidogo. "Nikajua ukija kwangu utakuja na nesi mfukoni. Si alisema mgonjwa aje, au aseme afuatwe? Nikasema."

Nesi akaingia ndani, akaomba kwanza kisu kitoke, kikatoka, akakaa kitandani na Rehema akamwuliza mambo moja kwa moja, kama anasikia sauti, kama anawaza kujidhuru mwenyewe, na Rehema akamjibu moja kwa moja vilevile, hapana, ni picha tu na hofu na usingizi uliokataa. Akatuambia asiachwe peke yake, na kwamba siku hiyo hiyo atampeleka mwenyewe hospitali mjini Bagamoyo kwa daktari wa mambo hayo. Mke wangu akasema, "Na arobaini?" Akajibu, "Mama, arobaini ni ya kumpumzisha mzazi. Huyu hajapumzika hata siku moja." Mke wangu akaenda kumtafutia baibui.

Mimi nikarudi turubaini, maana vitu ni vyangu na pa kukimbilia sina.  Kiti cha mbele cha mgeni rasmi kitupu. Nikatembea kati ya viti nilivyovinunua kwa jasho langu na kila kingine kimekaliwa na mtu anayejua ninavyoimba. Nikafika kwa Bi Chausiku. Akasimama, akainua kile kiti, akaniwekea mbele yangu.

"Chako hicho, Kondo, usije ukanitangaza tena," akasema. "Na kanga unaifungaje? Maana mtoto mwenye shingo changa habebwi mgongoni na mtu asiyejua. Geuka hapa."

Basi akanigeuza mbele ya watu, akavua kanga yake ya begani, akanionyesha mtoto mchanga hubebwa kifuani, shingo imeshikwa, na mimi nikasimama na kanga ya Bi Chausiku juu ya kanzu yangu ya Ijumaa huku kina mama wanacheka mpaka wanafuta machozi. Halafu mmoja, mke wa muuza mkaa, akaacha kucheka akasema, tena hakuna aliyemwuliza, kwamba yeye kwa mwanawe wa pili alikuwa vilevile kama Rehema, wakasema ana mapepo, wakampunga kwa ngoma wiki nzima, na hajawahi kumwambia mtu alichokuwa anakiona. Mwingine akasema, "Na mimi." Somo likaendelea na wale manesi wenzake Sista Lightness, na safari hii kina mama ndio waliokuwa wanasema, maiki inapita mkono kwa mkono (maiki yangu ile ile ya mfukoni). Neno langu la shukrani halikuombwa na mtu.

Rehema hakupona kesho yake, msidhani. Alipewa dawa, akawa anakwenda kuzungumza na nesi kila wiki, mumewe akaomba ruhusa akaja (safari hii simu aliipokea), na mimi nikapewa zamu yangu rasmi ya mtoto, mlango wazi, ili mama yake alale. Siku moja nikapiga hodi nikamkuta anamwogesha mwenyewe kwenye beseni, mikono yote miwili, anamwimbia wageni waalikwa kaeni mkao wa kula. Nikajifanya nimesahau nilichofuata, nikatoka.

Mwenyekiti naye alikuja. Hakukaa. Akasema harusi ya mwanawe ameipeleka kwa mtu mwingine wa Mapinga, anaomba fedha yake, nikaingia ndani nikamtolea laki sita yote, akaihesabu mara mbili mbele yangu, nami kwa mara ya kwanza maishani nikakaa kimya. Tangu hapo nimekula kiapo, maiki haiingii mfukoni mwangu, kitufe nakitazama kwa macho mawili, na mgonjwa hafichwi ndani kwangu kwa ajili ya jina. Na asubuhi ya somo lile, kwa tamaa ya hotuba yangu isikike vizuri, nilikuwa nimeitia maiki betri mbili mpya za elfu tatu. Ningeweka zile kuukuu zingekata kabla Rehema hajafungua mdomo. Kwa hiyo anayeuliza siku ile ilinigharimu nini, jibu ni shilingi laki sita na elfu tatu.